Haki ya kufika: kupima miguu na baiskeli katika mji wa Bujumbura

Ufikivu wa mji ni uwezo wa mkazi kufika anakohitaji, iwe ni sokoni, kazini, shuleni, hospitalini, msikitini au kanisani, kwa muda na nguvu alizo nazo. Wapangaji wa miji wamekuwa wakiutafutia hesabu tangu mwaka 1959, Walter Hansen alipoueleza kuwa ni jumla ya fursa zinazozunguka mahali fulani, kila fursa ikipunguzwa uzito kadiri ilivyo mbali. Hesabu hiyo ilizaliwa Marekani, enzi ya magari na vitongoji vipya, na ilichukua miaka mingi kushuka hadi miguuni. Kipimo cha Walk Score, kilichoanzishwa Seattle mwaka 2007, huipa kila anwani alama kati ya 0 na 100: duka au shule iliyo ndani ya mwendo wa dakika 5 huleta alama kamili, na iliyo mbali kupita dakika 30 haileti kitu. Watafiti wa afya ya jamii huongeza wingi wa wakazi, wingi wa njia panda na mchanganyiko wa nyumba na biashara. Kwa upande wa baiskeli, Maaza Mekuria, Peter Furth na Hilary Nixon walipendekeza mwaka 2012 kuzipanga barabara katika ngazi nne za mfadhaiko, kuanzia ile ambayo mtoto anaweza kuipita hadi ile inayowafaa wenye ujasiri peke yao.

Hesabu hizi hufanana na za kihandisi, lakini ndani yake mna hukumu. Anayechagua cha kupimwa amekwisha kuamua ni nani anayehesabiwa kuwa mtembeaji, na kama hatua yake ni faida au hasara. Bujumbura, nchini Burundi, ni mahali pazuri pa kuifuatilia hukumu hiyo, kwa kuwa ni mji ambao watu wengi hutembea, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka.

Ramani ya Buyenzi ikipitishwa katika hesabu ya Seattle, mtaa huo ungetoka na alama za kujivunia. Ulipangwa wakati wa utawala wa Wabelgiji kuwa makazi ya Waswahili, na mistari yake bado imenyooka: avenyu zenye namba, zinazokatwa na njia fupi, kiasi kwamba hakuna anayelazimika kuzunguka sana kufika kwa jirani. Watu wamesongamana, nyumba na duka zinagawana ukuta, misikiti iko karibu, soko la Ruvumera liko pale pale, na hospitali ya Prince Régent Charles haiko mbali. Kiriri, mtaa wa mlimani wenye majumba makubwa na mandhari ya ziwa, ungeburura mkia: barabara zake zinajipinda, maduka ni ya kutafuta, na kurudi nyumbani ni kupanda. Hesabu haijakosea. Mkazi wa Kiriri ameununua umbali kwa makusudi kwa sababu ana gari, naye wa Buyenzi anaishi karibu na kila kitu kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuishi mjini bila gari.

Mambo hubadilika mpimaji akiacha ramani na kushuka barabarani. Buyenzi ni karakana ya mji mzima. Mafundi hufungua injini kando ya barabara, vipuri na ndoo za oili vikatandazwa mahali ambapo mwenda kwa miguu angepita, naye akabaki kugawana lami na magari. Kandokando kuna mitaro ya kupitishia maji ya mvua, na sehemu nyingi iko wazi. Penye kipande cha zege watu huvuka. Kipande kikivunjika, huwekwa ubao. Ubao ukichukuliwa na maji, kijana huruka. Mama mwenye beseni la ndagala, yaani dagaa, kichwani hutazama kushoto na kulia, kisha hurudi nyuma hadi kwenye kivuko kinachofuata. Mtaro huo haumo katika ramani, na kwa kijana ni kama haupo kweli. Kwa mama yule upo, na unakula dakika zake kila siku. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, safari imekwishia hapo. Mahali ni pamoja na umbali ni mmoja, ila ufikivu ni wa namna tatu.

Mitaro mikubwa zaidi ni mito yenyewe. Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kutoka milimani na kuukata mji vipande kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, na kutoka ng'ambo hadi ng'ambo umbali halisi ni umbali wa kwenda darajani na kurudi. Ntahangwa inazila kingo zake, na imekwisha kuchukua nyumba na vipande vya njia. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji na matope yaliyoshuka katika mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama ikiwamo, yaliua watu zaidi ya 60. Gatumba, upande wa mpaka wa Kongo, imefurika mara kadhaa tangu mwaka 2020 kutokana na mto Rusizi na kupanda kwa ziwa. Kipimo kilichochukuliwa mwezi Julai, ardhi ikiwa kavu, hakiwezi kuapa kwamba kinaujua mji wa Aprili.

Tena kuna vizuizi ambavyo setilaiti haivioni hata mbingu zikiwa safi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliigawa Bujumbura kwa kabila: Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga za Watutsi. Mwaka 1994 na 1995 kulikuwa na siku za "mji mfu", vijana walipofunga barabara na shughuli zote zikasimama. Lami haikupungua hata mita moja katika miaka ile. Mtu angeweza kuonyeshwa njia fupi ya kwenda kazini, mwendo wa robo saa, naye asiithubutu. Mwaka 2014, baada ya mapambano kati ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani, mbio za asubuhi za makundi, desturi waliyoipenda sana wakazi wa Bujumbura mwisho wa juma, zilizuiwa barabarani na kuelekezwa katika viwanja vilivyoteuliwa. Barabara ni ya lami na ni ya amri pia.

Amri iliyogusa wengi zaidi ilikuja mwaka 2022. Kuanzia tarehe 21 Machi, wizara ya mambo ya ndani ilizuia baiskeli, teksi za pikipiki na bajaji katikati ya mji. Sababu iliyotolewa ilikuwa ajali, na si sababu ya kupuuza: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, waenda kwa miguu pamoja na waendesha baiskeli na pikipiki ni kama nusu ya wote wanaokufa barabarani ulimwenguni. Lakini vifo vya waendesha baiskeli vinaweza kupunguzwa kwa njia mbili, ama kwa kuifanya barabara iwe salama kwa baiskeli, ama kwa kuiondoa baiskeli barabarani, na kipimo kinachohesabu vifo tu hakiwezi kuzitofautisha. Mji usio na baiskeli hata moja una sifuri nzuri katika safu ya vifo vya baiskeli. Usalama uliopatikana kwa kumwondoa anayelindwa ni usalama wa ajabu kidogo.

Anayeondolewa naye ana sura. Katika barabara ya taifa namba 1, inayopanda kutoka Bujumbura hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, vijana hushuka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa yaliyofungwa juu ya baiskeli mpaka gurudumu la nyuma halionekani. Breki hazitoshi, basi soli ya kiatu husaidia. Wakirudi juu, hushika mkia wa lori na kuvutwa kwenye kona zile, jambo la hatari ambalo limeua wengi. Mji hula ndizi hizo kila siku. Katika jedwali la ufikivu la kawaida kijana huyu hana safu yake, kwa kuwa kinachopimwa ni raha ya mtu kwenda, na yeye ni mzigo unaofika.

Mwanauchumi Amartya Sen aliuliza mwaka 1979, katika mhadhara uliobeba swali lake kama jina: usawa wa nini? Si wa mali, alijibu, kwa kuwa mali ileile haiwafanyii watu wote kazi ileile. Katika maandishi yaliyofuata alitumia baiskeli kuwa mfano. Baiskeli ni kitu. Inabeba sifa ya usafiri. Lakini kinachomfaa mtu ni uwezo wake wa kwenda, na uwezo huo hautoki ndani ya chuma. Unategemea mwili wa mwendeshaji, barabara anayopita, na sheria na desturi za jamii yake. Bujumbura mfano huo umekamilika kuliko vitabuni. Wapo wenye baiskeli wasio na nguvu za kupanda Kiriri, wapo wenye nguvu wasio na njia, na tangu Machi 2022 walikuwapo wenye baiskeli, nguvu na lami laini, ila hawakuwa na ruhusa. Kwa msichana, hata ruhusa ya serikali inaweza isitoshe, ikiwa macho ya mtaa bado yanamshangaa juu ya tandiko.

Sen ana mfano mwingine unaogusa jambo hili kwa kina zaidi: mtu anayefunga na mtu aliyekosa chakula. Ukiwapima matumbo, wote wawili wana njaa sawa. Tofauti yao ni kwamba mmoja angeweza kula. Mwendo wa miguu una mgawanyiko huohuo. Kuanzia mwaka 2022 na katika miaka iliyofuata, uhaba wa mafuta ulirudi tena na tena Burundi. Foleni za magari zilizunguka vituo vya mafuta kwa siku kadhaa, mabasi yakapungua, na jioni misururu ya watu ikaonekana ikitoka katikati ya mji kuelekea Kanyosha, Kamenge na hata Gatumba kwa miguu. Mtafiti aliyekaa kwenye daraja la Muha akihesabu wapitao angeandika kwamba matembezi yameongezeka. Angekuwa sahihi kwa namba, na angekuwa amemsifu mwenye njaa kwa kufunga. Miji ya Ulaya hutumia sehemu ya safari zinazofanywa kwa miguu kuwa dalili ya ustawi, kwa kuwa huko anayetembea aghalabu ameliacha gari nyumbani. Dalili hiyo haivuki bahari ikabaki na maana yake. Hapa pana kejeli moja isiyohitaji kutiwa chumvi: katika mwaka uleule mafuta yalipokuwa yakikauka, chombo kisichohitaji mafuta ndicho kilichozuiwa katikati ya mji.

Mfano wa mfungaji unaleta upande wa dini, na upande huu una mengi kuliko wapangaji wanavyodhani. Kwa mpangaji, kila hatua ni gharama. Ndiyo maana hesabu ya Hansen huipunguzia uzito fursa iliyo mbali. Kwa muumini, hatua inaweza kuwa chumo. Imepokewa katika Hadithi kwamba Bani Salima, waliokaa mbali na msikiti wa Mtume Madina, walitaka kuhamia karibu, naye akawaambia wabaki makwao kwa kuwa hatua zao huandikwa. Wakatoliki wa Burundi huenda kuhiji Mugera kwa sikukuu ya tarehe 15 Agosti, na wapo wanaofunga safari hiyo kwa miguu; urefu wa njia ni sehemu ya sala yenyewe. Kwa mizani hiyo, msikiti ulio mwendo wa dakika 30, ambao hesabu ya Seattle ingeuandikia sifuri, ndio wenye thawabu nyingi zaidi.

Je, basi mitaro iachwe wazi ili watu wachume? Fiqhi yenyewe haikukubali hivyo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba siku ya mvua na matope alimwagiza muadhini awatangazie watu wasali majumbani, akaeleza kuwa hakupenda kuwatoa watembee katika utelezi. Kuhusu sala ya Ijumaa, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, walijiuliza ni nani aliye nje ya mji anayewajibika kuja, na jibu lao likawa kipimo cha ufikivu kilichotangulia kompyuta kwa karne nyingi: anayesikia adhana. Nao hawakuliacha jibu hilo likining'inia. Walisharutisha muadhini awe na sauti ya juu, asimame ukingoni mwa mji, upepo na makelele viwe vimetulia, na msikilizaji awe na masikio ya kawaida. Kisha wakaorodhesha wenye udhuru: mgonjwa, kipofu asiye na wa kumwongoza, anayehofia nafsi yake au mali yake, na siku ya mvua kubwa na matope. Mwili, barabara na hofu, yale yote ambayo ramani ya Bujumbura huyakosa, yamo katika orodha hiyo. Sheria ya Kiyahudi nayo iliweka mpaka wa mwendo wa Sabato, dhiraa 2,000 kutoka ukingo wa mji, ikalazimika kuamua ukingo wa mji ni upi, swali ambalo watengeneza ramani bado wanapigana nalo.

Kwa hiyo hatua ina vitabu viwili, na makosa huja vinapochanganywa. Thawabu ya mwendo mrefu ni ya aliyetembea. Aliyeuacha mtaro wazi hawezi kuidai kuwa ni yake, wala kuitolea hoja kwamba watu wamezoea. Yeye ana fungu lake katika mafundisho hayohayo: kuondoa udhia njiani kumehesabiwa kuwa tawi la imani, na wanaokaa barabarani wameambiwa waipe njia haki yake, ikiwamo kutomuudhi mpita njia. Mafundi wa Buyenzi wanaijua Hadithi hiyo vizuri, na wengi wangejibu, kwa haki kabisa, kwamba hawana kiwanja kingine cha kufanyia kazi. Njia ina haki zinazogongana, na kipimo kinachomhesabu mpita njia peke yake kitapendekeza wafukuzwe, kama ambavyo wachuuzi wa miji mingi ya kanda hii wamefukuzwa kwa jina la mpangilio.

Linabaki swali la namna ya kuzijumlisha haki hizo. Wastani ni mwepesi na ni mdanganyifu: vijana kumi wanaoruka mtaro humfunika mama mmoja anayerudi nyuma. Mwanafalsafa John Rawls alishauri mwaka 1971 kwamba mpangilio wa jamii upimwe kutoka kwa aliye chini kabisa, na katika usafiri Karel Martens, katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, alitetea kiwango cha kutosha ambacho hakuna mkazi anayepaswa kushushwa chini yake, hata kama kumwinua kutapunguza mwendo wa walio juu. Kwa Bujumbura shauri la Martens lina nguvu zaidi. Aliye chini kabisa huenda asifikiwe na bajeti yoyote, na mji utajifungia hapo bila kuwagusa wengi waliokwama kidogo juu yake. Kiwango cha kutosha huwaona wote. Hata hivyo kiwango kimoja kwa kila mwili kinarudisha kosa la awali. Aristotle, akieleza uadilifu katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, alitaja rula ya risasi ya wajenzi wa Lesbos, iliyopinda kufuata jiwe badala ya kulilazimisha jiwe linyooke. Kilomita moja ya Ngagara tambarare na kilomita moja ya kupanda Kiriri zinahitaji rula ya namna hiyo, na mguu wa miaka 20 na wa miaka 70 vilevile.

Anayeishika rula ni nani? Mwaka 2003 Brian Saelens na James Sallis pamoja na wenzao walitoa dodoso linalomuuliza mkazi mwenyewe kuhusu mtaa wake: maduka, njia, uzuri, magari, uhalifu. Baadaye watafiti wa nchi kadhaa za Afrika waliligeuza lifuate mazingira ya huku, kwa kuwa maswali ya awali yalidhani njia ya waenda kwa miguu ipo na kinachohojiwa ni ubora wake. Majibu ya wakazi hayalingani kila mara na ramani, na si lazima ramani ndiyo iwe na haki. Burundi ina desturi inayolijua jambo hili: bashingantahe, wazee wenye busara waliopewa jukumu la kusikiliza mashauri na kupatanisha, walitegemea maneno ya wanaohusika kabla ya kuamua. Ushuhuda una kasoro zake. Mtu aliyezoea mtaro tangu utotoni anaweza asiutaje kabisa, na aliyefungiwa nyumbani na mtaro huohuo hayuko barabarani kuhojiwa. Mwenye dodoso asipobisha hodi ndani, atawahesabu waliofaulu kutoka.

Halmashauri hupenda namba moja, kwa sababu namba moja huingia kwenye hotuba. Nairobi ilichukua njia nyingine katika sera yake ya mwaka 2015 ya usafiri usiotumia injini: iliweka namba kwenye fedha, asilimia 20 ya bajeti ya usafiri, badala ya kuiweka kwenye sifa ya mji, na namba ya fedha angalau inaweza kukaguliwa. Kwa upande wa ufikivu wenyewe, jedwali lisilojumlishwa lina ukweli zaidi. La Bujumbura lingekuwa na mistari ya mitaa na safu za ukaribu, mitaro, mwinuko, msimu, hofu na ruhusa, na kila safu ingejazwa mara kadhaa, kwa kijana, kwa mzee, kwa mwenye mzigo na kwa asiyeona. Buyenzi ingekuwa juu katika safu ya kwanza na kuporomoka katika ya pili. Gatumba ingehitaji namba mbili, ya kiangazi na ya masika. Na katika safu ya baiskeli, katikati ya mji kungesomeka sifuri kwa muda wote ambao amri ya Machi 2022 ilitumika, hata kwenye barabara ambazo hazina shimo hata moja.